Maji Meupe kwenye Mchicha

Juzi binti yangu alimwaga maji aliyooshea mchele, na weupe wake ulinirudisha Guangzhou, kwenye roshani tuliyochangia na bibi wa Kichina, jirani yetu.

Mama alipanda mchicha huko kwenye mabeseni, kwa mbegu tulizotoka nazo Unguja. Baridi ilipoingia aliufunika kwa vitambaa vya jinzi ambavyo baba alivipata viwandani, nao ukaendelea kukua polepole, ukinukia udongo na nguo mpya.

Alasiri moja tulimkuta bibi akiumwagia kitu cheupe kutoka kwenye bakuli.

“Mchuzi wa nguruwe huo!” mama alininong'oneza. “Basi tena. Tutaung'oa wote.”

Machozi yalinilenga, maana nilikuwa nimeahidiwa mchicha wa nazi. Moyoni niliamini bibi anatuloga.

Mama alimpokonya bakuli, akalinusa, akalinusa tena. “Nini hiki, bibi?”

Bibi hakujua Kiswahili. Alimshika mama mkono, akamvuta hadi jikoni kwake. Palikuwa na sufuria ya mchele uliolowekwa, na maji yake yalikuwa meupe vilevile. Sasa najua maji hayo hurutubisha udongo, nawe msomaji usiyamwage ovyo.

“Kumbe mchele!” mama alicheka. “Mwanangu, tumemdhania vibaya mwenzetu.”

Jioni alipika mchicha wa nazi, akanituma nimpelekee bibi bakuli. Bibi alilitazama lile tui jeupe, akanitazama mimi, kisha akainama akalinusa. Akalinusa tena. Ndipo akachukua vijiti vyake.