Bastola Ndani ya Buti la Mtoto

Sijawahi kukichukia kitu cha plastiki kama nilivyoichukia ile bastola, na mbaya zaidi, niliichagua mwenyewe.

Aliyeniagiza ni kaka yangu. Huko Mwanza amefungua kiwanja cha mchezo wa kuviziana. Watu wazima, wenye kazi zao na vitambi vyao, wanavaa magwanda kila Jumamosi, wanajificha nyuma ya matairi na kupigana risasi za plastiki. Aliyepigwa anainua mkono, anatoka, anakunywa soda. Jamani, watu wana muda! Bunduki kubwa alikuwa nazo tayari. Sasa alitaka bastola sita za akiba, za kukaa kiunoni, ili bunduki ikigoma katikati ya mchezo mtu asibaki amesimama kama mlingoti. Akanitumia ujumbe wa sauti wa dakika nane. Mama yetu alipolazwa, salamu yake haikufika hata dakika moja.

"Ziwe nyeusi, mdogo wangu. Ziwe nzito. Na usiniletee zile zenye pua ya rangi ya chungwa, wateja watanicheka."

Akishaniita mdogo wangu, mimi nimekwisha. Nikaenda Yide Lu, mtaa wa maduka ya jumla huku kwa Wachina ninakonunulia bidhaa za kupeleka nyumbani.

Mtaa ule wanauza midoli na vyakula vilivyokaushwa bega kwa bega, kwa hiyo unachagua mwanasesere huku pua imejaa ngisi mkavu. Siku hiyo kulikuwa na joto la kunata. Muuzaji wangu, mzee mmoja mpole ambaye nimenunua kwake vibanio vya nywele miaka mingi, alinipangia mezani bastola za kuchezea za kila namna, zote na pua ya rangi ya chungwa, ile alama ya lazima ya kuonyesha si silaha. Nikamwambia nataka isiyo na pua. "Meiyou," akasema, hakuna. Nikamwuliza tena. Meiyou. Nikamwuliza mara ya tatu, nikamkumbusha mimi ni mteja wake wa siku nyingi, laoban, bosi wangu, tusifanyiane hivyo. Akaangalia mlangoni, akavuta droo ya chini, akatoa tatu za mfano zilizofungwa kwenye gazeti. Hakunitazama usoni.

Ya kwanza ilikuwa ya betri. Nikaikataa, maana bunduki za kaka nazo ni za betri, na akiba inayokufa kwa ugonjwa uleule ni akiba gani? Ya pili ilitumia gesi, na gesi haipandi kontena. Ya tatu ilikuwa ya springi: unavuta, inafyatua moja, unavuta tena. Mpini wake ulitiwa kipande cha chuma, ukiishika mkono unashuka. Nyeusi tii. Kwenye nguzo palikuwa na kioo cha kujaribia vibanio, nikasimama mbele yake nimeishika. Nikaona mwanamke wa makamo, kilemba cha kanisani, jasho shingoni, jambazi mtupu. Nikauogopa mkono wangu. Na hapo ndipo niliposema, hii hii, nipe sita. Yaani kilichoniogopesha ndicho kilichonifanya niichague. Ptuu!

Sasa nieleze tunavyosafirisha mizigo. Tuko wanawake wanne, tunachangia kontena moja. Kikikamatwa kitu kibaya kwenye sanduku la mmoja, kontena zima linasimama, na sote tumekwisha. Ndiyo maana tuna desturi: kila sanduku linafunguliwa mbele ya wenzio, kwenye stoo ya wakala wetu karibu na jengo la Tianxiu, Jumapili baada ya ibada. Kisha tunaomba, ndipo tunafunga kwa gundi. Mwombaji ni mimi. Na kwa kuwa mwombaji ni mimi, masanduku yangu hayafunguliwi. Hakuna aliyelipanga hilo, lilijiotea tu. Nami nililifurahia, nisiseme uongo.

Mabuti ya mvua ya watoto huwa hatuyasafirishi matupu, tunayajaza soksi ili nafasi isipotee. Kwa hiyo Jumamosi nilikaa chumbani kwangu nikatia bastola ndani ya mabuti, moja moja, nikaziba kwa soksi. Yalikuwa ya manjano, yamechorwa vyura wanaocheka. Nilinawa mikono mara mbili na bado nilisikia ile harufu ya plastiki na ngisi. Nikajiambia ni vya kuchezea. Sasa kama ni vya kuchezea, mbona ulikuwa umefunga mlango kwa komeo?

Jumapili nikaomba. Huwa nina maneno yangu: "Bwana, kilichomo humu unakijua wewe." Nikayasema yote, kwa sauti nzuri, hata mkubwa wetu, mama mmoja wa Mbeya aliyepakia sare za shule za msimu mzima, akaitikia kwa machozi. Amina. La kuvunda halina ubani, lakini mimi nilifukiza hivyo hivyo.

Tukafunga. Ndipo mwenzetu wa Bukavu, mwanamke mtaratibu ambaye kontena lile lilibeba kila alichokuwa nacho, akaja kwenye sanduku langu la mabuti. Upande mmoja gundi ilikuwa haijashika vizuri. Akaingiza vidole.

"Dada, niko natafuta ya mujukuu wangu. Niangalie kipimo tu."

"Hapana!" Nilipiga kelele mpaka wapagazi wakageuka. "Limeshaombewa!"

Akauchomoa mkono kama ameungua. "Pardon, dada," akasema. "Nimekosa. Unisamehe." Akarudi nyuma ameinamisha kichwa, akamwomba na Mungu msamaha, palepale, kimyakimya, midomo ikitembea.

Nimekifanya kinywa hiki cha kuombea kufuli! Nikachukua kisu cha wakala nikalikata sanduku, nikavuta buti la kwanza, nikang'oa soksi. Bastola ikatoka mtutu mbele, ikawa imemwelekea yeye.

Hakupiga kelele. Aliinua mikono yote miwili, taratibu, viganja wazi, kama mtu aliyewahi kufundishwa namna ya kuiinua. Kisha akapiga magoti.

"Ni ya kuchezea," nikasema. "Ni plastiki, dada, tazama." Nikaitupa sakafuni. Ilianguka kwa kishindo cha kile chuma nilichokipenda. Hakushusha mikono.

Mkubwa wetu ndiye aliyemshusha mikono, mmoja kwanza, kisha wa pili, akamfunika kwa kitenge chake. Akakaa naye sakafuni muda mrefu. Kisha akayafungua masanduku yangu yote kumi na moja, buti kwa buti. Sita akazipata, akazivunja kwa nyundo ya wakala.

Alipomaliza, jasho likimtiririka, akaniangalia kwa mara ya kwanza.

"Haya," akasema. "Omba tena."

Nikafumba macho. Nikasema "Bwana," nikakwama hapo. Tukasimama tunasubiri, mpaka aliyeendelea na sala akawa yule wa Bukavu.