Siku Mbili za Fez

Miaka ya sabini, ofisi yangu ya Kisii mjini iliponituma Moroko kwa mafunzo, niliamua kujiongezea siku mbili za kuutazama mji wa kale wa Fez. Sikutaka ushauri wa mtu. Nilitandaza ramani mezani nyumbani kwetu Keumbu, nikapanga nitaingia kwa lango gani, nitapita soko lipi na nitapanda wapi nizione kuta zote.

Mama, aliyekuwa akimenya ndizi, akauliza nitafikia kwa nani.

"Hotelini, Mama."

"Unamjua nani huko?"

"Simjui mtu. Naenda kutazama mji tu."

Akaweka kisu chini. "Yaani upite milangoni pa watu, uangalie nyumba zao, urudi bila kumsalimia mtu?"

Nilimweleza kwamba watalii wote hufanya hivyo.

"Hao sikuwazaa mimi," alisema, akaenda jikoni na kurudi na mfuko wa unga wa wimbi.

Jibu nilikuwa nalo, kama kawaida yangu. Lakini nilitoa viatu vya pili sandukuni, nikatia unga.

"Sasa nenda," akasema. "Atakayeupokea ndiye mwenyeji wako."