Kitabu Kilichonipiga Jicho

Nasema wazi: kitabu kinene kinaumiza. Lala chali ukiinue juu ya uso, mikono itakufa ganzi kuanzia vidole hadi kwapa. Kikikuponyoka hakina huruma, hutua na kona. Na ukikiegemeza kifuani wakati unanyonyesha, ndio utajua. Matiti yaliyojaa hayataki mgeni. Mimi maziwa yalinitoka yakalowesha sura nzima ya figo.

Kilikuwa kitabu cha magonjwa na uuguzi, jalada gumu kama ubao, uzito wa mtoto mchanga. Baba alininunulia kwa muuza mitumba Bungoma nilipomaliza kidato cha nne, kwa sababu nilitaka kuwa nesi. Kisha nikapata mimba, nikaolewa, nikahamia Kibomet, na unesi wangu wote uliobaki ukawa hicho kitabu. Kwa hivyo mtu asiniulize kwa nini nilikisoma.

Kwa nini kitandani? Kwa sababu nilikuwa nimeshonwa. Mtoto alitoka mkubwa, kuketi kukawa adhabu. Mama mkwe, aliyekuja kutoka Bumula kunitunza, alisema nisishuke kitandani isipokuwa kwenda choo. Sawa. Nikalala, nikanywa uji, nikasoma.

Asubuhi moja, mama mkwe akiwa ametoka na mtoto kuota jua, usingizi ulinikamata katikati ya mstari. Kitabu kikashuka. Kufikia saa sita jicho la kushoto lilikuwa limefunga, jeusi kama zambarau iliyoiva.

Na hiyo ndiyo siku waliyochagua akina mama wa kanisa kuja kuona mtoto. Waliingia na sabuni, sukari na wimbo. Wimbo ukakatika waliponiona. Mkubwa wao akaketi kando ya kitanda, akanishika mkono.

"Mama mtoto, ndoa ni kuvumilia."

"Ni kitabu."

"Ndiyo, mama."

"Nasema ni kitabu! Kimeniangukia nikisoma."

"Si tumekubali? Hata mimi yangu ilikuwa mlango."

"Yangu ilikuwa kuni," akasema mwingine, na wote wakacheka, kicheko kifupi cha watu wanaojuana.

Mama mkwe akaingia mbio na mtoto mkononi. "Mwanangu yuko kazini tangu asubuhi!"

"Mama, wewe lazima utetee wako," wakamwambia, kwa heshima kabisa.

Hapo ndipo hasira iliponipanda. Kuitwa mwongo si neno. Lakini hawa walikuwa wameutumia uongo wa mlango na kuni miaka mingi hivi kwamba ukweli wangu ulipofika haukupata pa kuketi. Mwanamke amepigwa? Hilo waliliona kabla hawajavuka kizingiti. Mwanamke amelala mchana anasoma? Hilo hakuna aliyeweza kulifikiria, hata kitabu kikiwa hapo hapo juu ya blanketi. Nilitaka kupiga kelele. Nyuzi zikanikataza.

Jioni mume wangu aliingia amefura. Alikuwa amekutana nao njiani, akawasalimu, wasiitikie. Mmoja tu ndiye aliyefungua mdomo: "Bwana, hata mtoto hajatimiza mwezi?"

"Hiki kitabu kinatoka hapa," akasema. "Kesho nikienda sokoni Misikhu nampelekea yule mama wa njugu, achane kurasa afungie njugu zake."

"Hakitoki."

"Kanisa zima linasema nakupiga!"

"Kwani unanipiga?"

"Ati nini? Si unajua sikupigi!"

"Mimi najua. Mama yako anajua. Nani mwingine? Haya, kipeleke. Jumapili wakikuuliza hicho kitabu kiko wapi, uwaonyeshe njugu."

Alikuwa tayari amekibeba kifuani. Akasimama hapo, akifikiri, na mikono ikaanza kushuka polepole yenyewe.

"Kizito kweli," akasema, kama mtu aliyeambiwa jambo geni.

"Ndicho nilichosema tangu saa sita."

Kutoka jikoni mama mkwe aliangua kicheko. "Mwanangu, hapo umeshikwa, bana!"

Jumapili alikwenda nacho ibadani kwapani. Baada ya ibada akawasimamisha watu uani, akiwaambia, "Pima! Hebu beba uone!" Alirudi akinihesabia walioamini. Wazee waliamini upesi, kama ilivyo kawaida ya wazee kuamini wanaume wenzao. Akina mama walikipokea, wakakipima kwa mikono miwili, wakakirudisha, wakaenda zao. Mume wangu aliona ameshinda. Mimi sikuona hivyo, lakini kitabu kilikuwa kimerudi nyumbani.

Nikalala ubavu mara hii, kitabu kimesimama chenyewe juu ya godoro, mtoto upande wa ukutani mbali nacho, nikaanza kusoma kwa jicho moja. Mama mkwe akaleta uji. Akasimama akiangalia kurasa asizoweza kusoma.

"Huko ndani hawajaandika kitu cha kusaidia jicho?"

"Wameandika. Kitambaa cha maji baridi, na mgonjwa apumzike."

"Basi pumzika, msichana wangu."

"Nikimaliza sura hii, mama."