Fortunée Anameza Kitabu

Fortunée hakuwa mtu wa kusoma amekaa. Alitoka mlangoni kwa mama yake kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, kitabu kifuani, akapita nyuma ya nyumba za udongo mpaka bombani, akageuka, akarudi, akatoka tena, mdomo haupumziki. Kwao Bukavu ndivyo wanafunzi walivyosoma. Mtihani ukikaribia utawaona barabarani wanazunguka na makaratasi yao, kila mmoja anaongea peke yake, na wala hakuna anayewashangaa. Wenyewe waliita kubloke. Mwalimu anakusomea notisi zake, wewe unaandika, unazimeza, na siku ya mtihani unamrudishia zilezile alizokupa. Usipoangusha hata neno, umeshinda. Na Fortunée, jamani, alikuwa haangushi.

Dzaleka walimzoea. Wanawake wa bombani walimtania, "Fofo, leo unalaani nani?" naye alijibu bila kusimama, "Nalaani figo!" Hata mwendesha kabaza mmoja, siku aliyombeba kutoka barabara kuu, aligeuza shingo juu ya baiskeli akamwuliza, "Achemwali, mukupemphera?" Maskini alidhani dada wa watu anasali. Basi ukichunguza sana alikuwa hajakosea, maana mwaka ule wa 2014 Fortunée alikuwa na mambo ya kumwomba Mungu.

Alikuwa anasomea uuguzi kwenye chuo kimoja Lilongwe. Kanisa lililipia mtu mmoja tu wa kambini, na lilisema wazi: muhula wa kwanza ukianguka tutakuvumilia, wa pili ukianguka nafasi inakwenda kwa anayefuata. Anayefuata aliitwa Épitace, alikaa njia ya pili kutoka kwao, kijana mpole mno. Kila Jumamosi, Fortunée akirudi kutoka chuoni, alimngoja amsalimie. "Dada, masomo iko namna gani?" Fortunée alijibu iko muzuri, akaondoka haraka. Angekuwa mtu wa majungu ingekuwa nafuu, ungemtukana yakaisha. Lakini mtu anayekuuliza kwa upole kana kwamba tayari umeanguka utamfanya nini?

Na muhula wa kwanza alikuwa ameanguka, ameanguka vibaya. Bukavu hakuwahi kumiliki kitabu kinene namna ile. Hapa mwalimu wa anatomia, Madamu Nkhoma, alisema someni sura ya nne kabla ya Alhamisi, akachukua mkoba wake akaenda zake. Someni vipi? Nani atasoma polepole watu waandike? Kiingereza cha Fortunée kilikuwa cha sokoni na cha kujieleza maofisini. Alichukua neno moja akalitafuta kwenye kamusi, akaligeuza Kifaransa, kutoka Kifaransa akalivuta Kiswahili, na akifika mwisho wa sentensi mwanzo wake umeshatoroka. Wenzake Wamalawi walipiga mistari kwa kalamu, wakacheka, wakafunga vitabu wakaenda kula nsima. Yeye alibaki ukurasa uleule, masikio yanawaka moto kwa aibu.

Ndipo alipoamua. Kama kitabu kinakataa kueleweka, basi kitamezwa. Muhula wa pili wote alikimeza akitembea, sura ya figo kuliko zote, kwa sababu ndiyo iliyomwangusha. Mtihani ulipokuja aliimwaga karatasini kama ilivyo, na koma zake. Aliondoka chumbani anapumua vizuri, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu aanze chuo.

Furaha ile haikumaliza wiki. Aliitwa ofisini akawakuta watatu: Madamu Nkhoma, mkuu wa masomo, na mwalimu mmoja kijana. Karatasi yake ilikuwa mezani, pembeni yake kitabu kimefunguliwa.

"Umeandika kurasa tatu neno kwa neno," mkuu alisema. "Kitabu ulikificha wapi?"

"Kichwani, bwana mkuu."

Mkuu alicheka kicheko kibaya. Fortunée alichemka. Yeye mwizi? Hakungoja kuruhusiwa. Alisimama wima, mikono mgongoni kama alivyofundishwa utotoni, akaanza. Madamu Nkhoma alifuata kwa kidole, mstari baada ya mstari, mpaka pale panaposema tazama mchoro ukurasa unaofuata.

"Mpaka mchoro!" alisema yule mwalimu kijana, amefumbua mdomo.

Kifua cha Fortunée kilijaa. Bukavu hapo wangempigia makofi. Lakini Madamu Nkhoma alifunga kitabu, akavua miwani.

"Wizi hukufanya, nimeona. Sasa niambie. Kuna mzee wa Chinsapo ametapika na kuhara tangu jana. Mkojo hautoki, na ule kidogo unaotoka ni wa rangi nzito kama chai. Kwa nini?"

Fortunée alifungua mdomo. Ukatoka mstari wa kwanza wa sura.

"Hapana, binti. Sikuulizi kitabu. Kitabu ninacho."

Alitafuta. Kila mlango aliogonga kichwani mwake ulifunguka na ukurasa. Mzee wa Chinsapo hakuwemo. Alisimama pale, mtu aliyesema yote na hajui kitu, na akatamani sana ingekuwa kweli ameiba; wizi angalau una maelezo.

"Urudi baada ya wiki mbili," Madamu alisema. "Mpaka siku hiyo darasani usije. Ukinisomea tena kitabu, umeanguka."

Kambini mama yake, Ernestine, aliposikia aliacha kushona, mguu ukabaki juu ya pedali ya cherehani. "Banakuonea! Umesema yote vizuri, kisha banakatala?"

"Mama, we unanisikiaka kila siku. Ulishaelewa kitu?"

"Mi? Mi nasikiaka tu Kizungu inapita."

"Ni mambo ya figo."

"Figo njo nini? Ile ya mbuzi banauzisha na maini?"

"Njo hiyo."

"Inafanyaka kazi gani?"

Fortunée akaanza Kiingereza. Mama akapiga meza. "Aa! Semea mi na Kiswahili."

Hasira zilimpanda, akatoka akazunguka mpaka bombani na kurudi, mara ngapi hata hajui, na mara hii mdomo umefungwa. Hiyo ndiyo ilikuwa aibu yenyewe, wala si ile ya ofisini. Amekibeba kitabu miezi yote na hawezi kumwambia mama yake kazi ya figo.

Alirudi akavuta kigoda. Akajaribu sentensi moja. Mama hakuelewa, akasema hakuelewa, tena bila huruma. Kesho yake wakarudia, na keshokutwa. Ernestine alikuwa anashona huku anauliza maswali ya kukera. "Sasa mutu iko nahara, mukojo nayo juu ya nini ikatale kutoka?" Fortunée alikwenda kitabuni kuangalia. Alikuwa hajawahi kukifungua namna ile, akitafuta kitu kimoja anachokitaka yeye, akiruka kurasa nzima bila woga. Alisoma mistari michache, akairudia, halafu akapiga kelele.

"Mama! Mwili inaogopa! Inaona maji inaisha, inatumia figo neno: bana. Figo inabana, kale kamaji inarudisha ndani. Kenye kanatoka ni kakidogo, kazito."

"Aaa," mama alisema, akaanza tena kukanyaga cherehani. "Sawa siye, bomba ikikauka tunabanaka maji."

"Njo vile, mama!"

Lakini wasiwasi haukumwacha. Kuogopa? Kitabu kizuri namna ile, chenye maneno marefu ya Kilatini, aende mbele ya watu watatu aseme figo inaambiwa ibane? Alijisikia kama mtu anayetakiwa kwenda kanisani na nguo ya kulalia. Asubuhi ya kurudi chuoni alimkuta Épitace njiani, akasalimiwa kwa upole uleule.

Ofisini watu walikuwa walewale. Madamu Nkhoma aliuliza habari ya msichana wa Mitundu aliyelima juani kutwa bila kunywa maji. Figo zake zinafanya nini?

Ukurasa ulimjia. Wote, mtamu, umepangika, ulikaa kwenye ncha ya ulimi ukingoja tu kuachiwa. Fortunée aliung'ata. Mkuu alitazama saa. Yule mwalimu kijana akaanza kumwonea huruma.

"Mwili unaogopa, madamu," alisema hatimaye, kwa Kiingereza kilichovunjika kila mahali. Akaendelea. Alikosea maneno, akaonyesha kwa mikono, akabana ngumi kuonyesha figo inavyobana, akaazima neno la Kichewa pale Kiingereza kilipomwishia. Alipomaliza alikuwa anatoka jasho.

"Nani amekuambia mwili unaogopa?"

"Hakuna, madamu. Mimi ndivyo ninavyoelewa."

Madamu Nkhoma aliandika kitu. "Kiingereza chako kibaya," alisema. "Jumatatu uwe darasani."

Fortunée aliaga, akatoka nje. Alikaa kwenye ngazi mbele ya watu akalia, na hakikuwa kilio cha furaha peke yake, kilikuwa na hasira ndani. Tangu darasa la kwanza Bukavu, miaka yote ile ya kushika nafasi ya kwanza, hakuna mwalimu aliyewahi kumwuliza yeye anaelewa nini.