Mahameli ya Ghorofa ya Tisa

Ukitaka kumjua Mama Mapazia, usimtazame usoni, mtazame miguuni. Miguu ile haikai. Chai anakunywa amesimama, simu anapiga akitembea, na akialikwa kula hotelini, kabla maji hayajafika mezani keshanyanyuka kwenda kupapasa mapazia ya watu. Anainua pindo, anageuza nyuma, anasonya, kisha anarudi na hukumu yake: "Wamelipua kazi." Kazi yake ni kushona mapazia ya mahoteli na maofisi, katika jiji ambalo kila kukicha limeota madirisha mapya. Hata mafua hana nafasi ya kuyaugua.

Anakaa ghorofa ya tatu, kwenye jengo ambalo lifti yake ni pambo tu. Sebule yote imeliwa na meza ya kukatia, cherehani mbili na marobota ya vitambaa. Mgeni akija hukaribishwa kwenye robota. Chumba cha nyuma ni cha mama yake, bibi aliyekuwa fundi kabla yake na aliyemfundisha kushika mkasi. Sasa macho yake yameingia ukungu, anaona mwanga na vivuli basi. Na dirisha la chumba hicho lina nini? Shuka kuukuu, limepigiliwa misumari miwili. Kinyozi hajinyoi. "Nitakushonea, mama, kazi hii ikiisha," Mama Mapazia alikuwa akisema kila mara, na mama alikuwa akiitikia, "Haya, mwanangu." Kazi haikuisha.

Wiki ninayoisimulia ilianza Jumapili jioni, alipowasili mdogo wake kutoka mji mwingine. Huyo hata leo, na mvi zake kichwani, anaitwa Kitinda, maana ndiye kitinda mimba. Alipanda ngazi akihema, akakaa juu ya robota, na kabla hajavua viatu akalitoa lililomleta.

"Dada, nimekuja kumchukua mama."

"Kumchukua kwenda wapi?"

"Kwangu. Kwangu ni nyumba ya chini, ina ua, ataota jua atakavyo. Hizi ngazi zako zitamuua. Akishuka wiki hii, hapandi mpaka wiki ijayo."

Mama alikuwapo, anasikiliza, mikono mapajani. Alisema wampe wiki hiyo afikiri, Jumamosi atajibu. Wote wawili wakamgeukia Mama Mapazia. Sasa hapa nitasema wazi jambo ambalo yeye hakulisema: hakutaka mama aende. Lakini alikuwa amesimama mbele ya meza, chaki mkononi, akajibu kama karani wa dirishani: "Uamuzi ni wako, mama. Mimi sina neno." Alidhani huo ndio uungwana. Mzee hazuiwi, mzee haombwi mara mbili. Mama akaomba maji.

Kwa kuwa hakuwa na neno, Mama Mapazia aliamua kutumia vitendo. Kila jioni ya wiki ile angewatoa wakale nje. Mama akishalionja jiji, alijipigia hesabu, hatakubali kwenda kukaa uani kuota jua kama mjusi. Wazo si baya. Ubaya ni kwamba wiki hiyohiyo alikuwa na kazi ya mahameli, mapazia mekundu ya mkahawa mpya ghorofa ya tisa, unaofunguliwa Jumamosi usiku, na meneja wake ni mtu wa kupiga simu kuuliza kama simu yake ya kwanza ilifika.

Jumatatu walikula samaki kwenye hoteli yenye madirisha marefu. Mama alikuwa anaanza kusimulia habari za marehemu baba yao, jinsi alivyoogopa mkasi, Mama Mapazia akanyanyuka kwenda kuangalia ndoano za mapazia. Aliporudi, Kitinda alikuwa anafuta machozi ya kicheko na hadithi imekwisha.

"Alikuwaje?" akauliza.

"Ungekaa ungesikia," mama akasema, bila hasira, akichambua mwiba.

Jumanne ilikuwa kuku, na simu ya meneja. Jumatano ilikuwa supu, na simu mbili za meneja. Mama Mapazia alikula chakula chake wima, nje mlangoni, mhudumu akamfuata na sahani kwa huruma.

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Na jembe alilopewa Kitinda lilikuwa mama. "Mtembeze," dada mtu alimwambia. "Mtoe hapa nipate nafasi ya kutandaza." Basi mchana wale wawili wakawa wanazunguka jiji. Walikwenda bustanini, walikwenda sokoni, walikwenda sinema, na mama, ambaye hakuona kitu kwenye lile pazia jeupe, alirudi akisifia viti. Kila siku walipanda ngazi wakicheka, wakipumzika kila zinapokata kona. Mama Mapazia aliwasikia toka chini, akafurahi kwamba mpango wake unakwenda vizuri.

Hapa inabidi niseme kidogo habari ya mahameli. Kitambaa hicho kina vinyoya, na vinyoya hivyo vimelala upande mmoja. Ukikipapasa kwa upande wake, kinateleza kama mgongo wa paka. Ukirudisha mkono, kinakataa. Mapazia yote ya chumba kimoja lazima vinyoya vitazame chini. Kipande kimoja kikipinduliwa, mchana huoni kitu. Taa zikiwashwa, wenzake wote ni wekundu na chenyewe kimeungua kuwa kahawia. Kwa hiyo mama, kila robota la mahameli lilipofika, alikuwa akikaa nalo asubuhi nzima, akipapasa, akichora kwa chaki mishale upande wa nyuma kuonyesha chini ni wapi. Mama Mapazia alikuwa akimwachia. Ni kazi ya kumpa mzee asichoke kukaa, ndivyo alivyowaeleza watu, na ndivyo alivyoamini.

Alhamisi alikata. Mama alikuwa bustanini. Hapakuwa na mshale hata mmoja, na jioni ilikuwa na meza ya kula kwenye hoteli ya mbali. Alikata mbiombio, akageuza robota katikati ya kazi ili apate nafasi, akaendelea. Ijumaa alishona. Jumamosi mchana, jua linaingia kote, alitundika ghorofa ya tisa, akarudi nyuma hatua chache, akaona yamekaa sawa. Meneja akamwambia usiku aje na familia, meza ya dirishani ni yao.

Walikwenda wamevaa vizuri. Hapo palikuwa na lifti inayofanya kazi, na mama aliisifu kuliko sinema. Mkahawa ulijaa watu na manukato. Walipoketi, taa za dari zikawashwa, na Mama Mapazia akaliona.

Pazia la tatu. Wenzake wanawaka, lenyewe limenuna kama mke mwenza harusini.

Alikaa. Kwa mara ya kwanza wiki nzima hakunyanyuka. Hakuna aliyeona bado. Watu walikuwa wanatazama sahani. Mama akamwomba Kitinda ampeleke msalani. Wakapita kando ya madirisha, mkono wa mama ukiteleza juu ya mapazia moja baada ya jingine, kama afanyavyo akipita ukutani nyumbani. Alirudi, akakaa, akainama upande wa bintiye mkubwa.

"La tatu limelala kinyume."

"Nimeliona, mama."

"Nani alichora?"

"Hakuna aliyechora. Hukuwepo."

Mama akatikisa kichwa taratibu. Chakula kikaja, hakikuguswa. Kitinda alijifanya anasoma menyu, ingawa walikuwa wameshaagiza.

"Wiki hii," mama akasema, "umeyauliza hali mapazia yote ya jiji hili. Mimi nilikuwa nakaa hapo mezani nasubiri zamu yangu."

Na hapo ndipo Mama Mapazia alipolisema lile neno, kwa sauti ndogo, akitazama kitambaa cha meza.

"Usiende, mama. Sitaki uende. Nakuhitaji."

Mama aliutafuta mkono wake kati ya vijiko mpaka akaupata. Kidole chake gumba kikapita juu ya zile sugu za sindano.

"Hilo nimelingoja tangu Jumapili," akasema. "Ulisema huna neno, nikajua mtu asiye na neno hana haja. Leo mchana, ulipokuwa huku unatundika, nimempa mdogo wako jibu. Nimemwambia nakwenda."

"Si unaweza kumwambia umebadili?"

"Kwa mtoto wangu mmoja nilirudishe neno nililompa mwingine? Nimewalea hivyo?"

Kitinda alifungua mdomo, mama akainua kidole, akaufunga. Baadaye wakala. Nyama ilikuwa ngumu kidogo, na Mama Mapazia aliila yote ameketi, akamwomba mama amsimulie habari ya baba na mkasi. Mama alisimulia tangu mwanzo. Baba yule, kumbe, aliogopa hata kukatwa kucha.

Jumapili mchana waliondoka. Aliwashusha ngazi mwenyewe, mama akishika bega lake, wakipumzika kila zinapokata kona.

Jumatatu akakata kipande kipya, akakitundika ghorofa ya tisa kabla meneja hajapata mwanya wa kupiga simu. Lile pazia lililokosewa akalirudisha nyumbani. Jioni aliling'oa lile shuka na misumari yake miwili chumbani kwa mama, akalifumua pazia juu, akaligeuza, akalipunguza, akalitundika vinyoya vikitazama chini. Lilipendeza. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, hakina mtu.

Akapiga simu.

"Nimetundika pazia chumbani kwako," akasema.

"La mahameli?"

"La mahameli."

Nyuma ya mama kulisikika kuku wa uani kwa Kitinda.

"Umechora mshale kwanza?"

"Nimechora."

"Vizuri. Sasa umekaa, au umesimama?"

Mama Mapazia alikuwa ukingoni mwa kitanda, viatu amevivua, chaki bado mkononi.

"Nimekaa, mama," akasema.

"Basi niambie ulivyoshinda," mama akasema, naye akaanza kumwambia.