Mawe Ambayo Hayakutoka Volkano

Harufu ya mwamba unaochomwa kwa kuni naijua kwa pua yangu mwenyewe: ina ukali wa vumbi lililoungua, na kooni huacha ladha kama ya chuma. Volkano sijapata kuiona, si wakati ule wala leo nikiwa mzee. Naanza kwa kuyatenga hayo mawili kwa sababu katika kiangazi kimoja cha miaka ya thelathini, nikiwa mwanafunzi, niliyachanganya, na aliyeumia ni baba yangu.

Baba alikuwa mpasua mawe. Yeye na watu sita walifanya kazi kwenye kilima cha upande unaoitwa leo Mabatini, wakitoa mawe ya msingi wa ghala la pamba la mfanyabiashara mmoja wa Kihindi. Mwamba wa Mwanza ni granaiti, na nyundo peke yake haiuwezi. Walipanga magogo juu yake, wakayawasha alfajiri na kuacha moto uule mwamba hadi jua lipande. Kisha baba aliinama, akagonga kwa nyundo ndogo na kusikiliza. Mwamba uliokwisha kuachana kwa ndani hulia kama chungu chenye ufa. Hapo ndipo watu walipoingiza mitaimbo na kuinua bamba zima kwa pamoja. Pasipo watu wa kuinua hapakuwa na mawe, na mfanyabiashara alikwisha kusema kwamba msingi usipokamilika kabla ya mvua, kazi ataipeleka kwa wapasuaji wa Pasiansi.

Mwaka huo shuleni kwetu alikuja mwalimu aliyezaliwa Rungwe, kwenye milima ya volkano. Alileta mawe katika kikapu, akaturuhusu kuyashika. Moja lilikuwa la kijivu, lenye matundu kama mkate, jepesi hata likaelea ndani ya ndoo. Alisema ni povu la volkano lililoganda. La pili, aliloliita basalti, lilikuwa jeusi, zito, chembe zake hazionekani kwa macho. Jingine liling'aa kama kipande cha chupa, na ukingo wake ukanikata kidole. Mwishowe aliokota granaiti nje ya mlango, akatuonyesha chembe zake kubwa, nyeupe, nyekundu na nyeusi. Alisema hata hili zamani lilikuwa uji wa moto, ila lilipoa polepole mno chini kabisa ardhini, bila kutoka katika volkano yoyote. Nusu ya kwanza ya maneno yale niliisikia vizuri. Wakati wa nusu ya pili nilikuwa nanyonya kidole.

Kesho yake nilipowapelekea wapasuaji uji, niliwaeleza kwa sauti ya msomi kwamba Mwalimu amesema mwamba wetu umetoka motoni, na kwamba moto huo bado umelala chini yake. Hilo la kulala nililiongeza mwenyewe. Walicheka. Masanja, aliyewazidi wenzake umri, aliuliza kama na uji nimeuchota huko huko, maana umemuunguza ulimi. Lakini siku mbili baadaye bamba moja lilipasuka kwa mshindo kabla ya wakati wake, na kicheko kikaisha.

"Mzee," Masanja alimwambia baba kwa upole, "sisi tunawasha moto juu ya moto. Mwanao amesoma. Atatudanganya ili apate nini?"

Asubuhi iliyofuata hakuja mtu. Nilisikia kwamba habari ilifika sokoni ikiwa imekwisha kuongezewa moshi. Hilo nililisikia tu. Baba alingoja siku nne, huku mawingu yakianza kukusanyika juu ya ziwa, ndipo akaniita.

"Mwalimu wako ameuona moto huo?"

"Hapana, baba. Hakusema hivyo. Niliongeza mimi."

Nilitegemea fimbo. Alichukua tu mtaimbo. Alfajiri alichoma mwamba peke yake, akagonga, akasikiliza, akaanza kuinua kazi ya watu sita, nami nikiusukuma mtaimbo wa pili kwa nguvu zangu zote. Bamba liliinuka kidogo, likateleza, likamwangukia mguuni. Nilikimbia mteremkoni nikipiga kelele. Masanja na wenzake walipanda mbio, wakalinyanyua. Chini yake palikuwa na mwamba mwingine. Niliugusa: ulikuwa vuguvugu, kama jiwe lolote lililoanikwa juani. Masanja naye akaugusa, kisha akamuuliza baba kwa nini amefanya hivi peke yake.

"Nilitaka kuona mwenyewe," baba alijibu.

Wale sita walirudi kazini siku hiyo hiyo, na msingi ukakamilika kabla ya mvua. Leo kilima kile kimefunikwa na nyumba, na kokoto husagwa kwa mashine. Wajukuu wangu huniletea habari kutwa nzima. Nikiwauliza nani ameona, hunitazama kana kwamba nimeomba kitu kisichouzwa tena. Nimechoka kuuliza. Wapo waliosema kilima kilimwadhibu baba, hao siwajibu. Kama aliwahi kumwambia mtu kwamba neno lile la moto kulala lilikuwa langu, na si la Mwalimu, sijui, maana sikuwa naye kila mahali. Alichechemea mpaka siku nilipomzika, na katika miaka yote hiyo, mbele yangu, hakulitaja.