Siku Niliyosimamisha Mimbari kwenye Tuktuk ya Stima

Aibu niliyoipata Kawangware inanifanya hadi leo nipite njia ya nyuma nikienda kule, lakini kwa kuwa Mungu alituvusha salama, acheni niwasimulie, mcheke, nimeshazoea.

Kanisa letu la Kianda, hapa Kibera, liliombwa liwaazime mimbari ndugu waliokuwa wakifungua tawi jipya mtaa wa Kongo, kule Kawangware, na mimi, mzee wa kanisa ninayetunza vyombo vya ibada, nikapewa kazi ya kuisindikiza. Tukakodi tuktuk ya stima, inayotumia betri, ile ya mizigo, magurudumu matatu, haina kelele hata kidogo. Dereva alikuwa msichana mtulivu aitwaye Nafula. Kushoto kwake nikamketisha mke wangu, Mama Okoth, ambaye nyonga yake ilivunjika mwaka uliotangulia ikafungwa chuma, na hiyo ndiyo ilikuwa safari yake ya kwanza bila magongo. Daktari alikuwa ametuonya: akianguka tena, huenda asitembee tena.

Nafula akaitazama mimbari, mbao nzito tupu, inanifika kifuani.

"Mzee, hii tuilaze. Mbele tairi ni moja tu. Mzigo ikikaa juu, kwa kona tunaanguka."

Hapo ndipo nilipoharibu. Kwetu mimbari ikishapakwa mafuta na kuombewa hailazwi, hata koti halitundikwi juu yake. Nikamwambia, "Binti yangu, Neno la Mungu halisafiri limelala." (Maneno ya kujivuna, nakiri.)

"Basi tuifunge na kamba."

"Kamba ya nini? Nitaishika mwenyewe."

Nikapanda nyuma na suti yangu nyeusi, nikasimama, nikaikumbatia, kwa hiyo sasa juu kulikuwa na mimbari nzito na mzee mzito zaidi (mke wangu hunipikia vizuri). Nafula alikwenda polepole, watu wakatusalimia njiani, nami nikawapungia mkono kama mtu aliyechaguliwa. Lakini tulikuwa tumechelewa, na tulipokaribia Kongo nikagonga paa: "Kaza kidogo, binti, watu wanangoja!" Na stima haisitisiti, ukiigusa imeshatoka.

Ikaja kona ya kulia, penye mteremko. Nafula akapunguza mwendo, ila mimbari haikupunguza. Ikaegemea kushoto, nami nikaegemea nayo, nikaliona gurudumu la nyuma la kulia limeacha ardhi. Na kushoto ndiko alikoketi mke wangu! Nikaliita jina la Yesu bila utangulizi wowote. Nafula hakukanyaga breki kwa pupa. Aliiachia ile kona, akapeleka usukani kule kule tulikokuwa tukiangukia, tuktuk ikarudi chini kwa kishindo, ikasimama kwa magurudumu yote matatu. Mimi na mimbari hatukusimama. Tulikwenda pamoja hadi mtaroni, mimi chini, yenyewe juu.

"Woiye! Mzee anahubiria mtaro!" akapaza sauti mchoma mahindi mmoja.

"Ameni!" wakaitikia wenzake.

Sikuwa na nafasi ya kuona haya. Nikatambaa, nikatoka, nikakimbilia mbele nikichechemea. "Mama Okoth! Nyonga?"

"Nyonga iko sawa. Wewe funika nyuma, suruali imepasuka na kwaya inakuja."

Kweli kwaya ilikuwa inakuja, na matari, kuipokea mimbari. Mke wangu akashuka mwenyewe, akasimama kwa miguu yake miwili, na mimi nikalia mbele ya watu wote, nikisingizia tope limeniingia machoni.

Nafula hakunisuta. Aliwaomba wachoma mahindi wamsaidie kuitoa mimbari mtaroni, akailaza sakafuni mwa tuktuk, katikati, akaifunga kamba, kisha akanigeukia. "Na wewe mzee, keti hapo chini kando yake. Wewe pia ni mzigo."

Hivyo ndivyo nilivyoingia Kongo: nimekaa sakafuni, miguu imenyooshwa, nimejifunga leso ya mke wangu kiunoni, na yeye akitembea nyuma pamoja na kwaya kwa sababu, alisema, kule ni salama zaidi.

Nimeapa: kwenye chombo cha magurudumu matatu, kila kinacholazika nakilaza, nami nakaa chini na kumwachia dereva kazi yake. Nimeomba toba pia, kwa amani. Sidhani siku ya mwisho Mungu ataniuliza mimbari yake ilisafirije. Ataniuliza nilimpeleka vipi Mama Okoth.